Sura ya Saba: Printa ya Nyumbani Inayochapa Juu ya Diski

Viongozi wa kwaya, wapiga picha za harusi na walimu wa nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kabanga na Kasulu mjini hadi Kibondo, wana swali moja linalofanana: je, ipo printa ya kawaida ya nyumbani inayoweza kuchapa picha na maandishi moja kwa moja juu ya CD au DVD, na kama ipo, mnunuzi ataitambuaje kabla ya kutoa fedha zake? Jibu la sehemu ya kwanza ni ndiyo, kwa kuwa printa za namna hiyo zimekuwa zikiuzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jibu la sehemu ya pili linahitaji sura nzima, kwa sababu printa nyingi zinazopangwa madukani haziwezi kazi hiyo, na zile zinazoiweza hazitambuliki kwa bei, kwa ukubwa wala kwa umaarufu wa jina la kampuni.

Sura hii inashikilia msimamo mmoja tangu mwanzo, nao ni kwamba printa ya diski ichaguliwe kwa kazi nyingine itakazofanya kila wiki, hasa picha na vitambulisho, ilhali uwezo wa kuchapa diski uhesabiwe kuwa nyongeza. Mnunuzi anayefanya kinyume chake hujikuta na mashine iliyokauka wino kati ya albamu moja ya kwaya na nyingine.

Nafasi ya diski katika zama za simu

Diski ya CD iliingia sokoni mwaka 1982 nchini Japani kutokana na kazi ya pamoja ya kampuni za Philips na Sony, na DVD ikaifuata katika miaka ya 1990. Leo teknolojia hiyo inarudi nyuma, na mwezi Februari 2025 Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia. Kompyuta mpakato nyingi mpya hazina tena sehemu ya kuingizia diski, na mtu anayetaka kuchoma diski, yaani kuandika data juu yake kwa mwali wa leza, hulazimika kununua kifaa cha nje kinachochomekwa kwenye tundu la USB.

Pamoja na hayo, diski ina kazi ambazo flashi haijazichukua zote. Flashi hufutwa ili ibebe kitu kingine, hupotea mfukoni, na haina uso wa kuandikwa jina la kwaya, mwaka wa kurekodiwa na orodha ya nyimbo. DVD ya harusi, ya kipaimara au ya mahafali huwekwa kabatini pamoja na albamu ya picha, na mzee mwenye deki sebuleni huitumia bila kumwomba mjukuu msaada. Kwaya inayosimama nje ya kanisa baada ya ibada kuuza kazi yake inahitaji kitu kinachoshikika, chenye sura na chenye bei. Hata hivyo, kwa kutunza mafaili ya video kwa muda mrefu au kuyapeleka mbali, flashi na diski kuu ya nje ni bora zaidi, na ni vyema kila kazi inayochomwa kwenye DVD iwe na nakala yake huko.

Kasoro za stika na kalamu

Ili kuelewa thamani ya kuchapa moja kwa moja, ni lazima kwanza kuelewa diski ilivyoundwa. CD ina unene wa milimita 1.2 na kipenyo cha milimita 120, na sehemu kubwa ya unene huo ni plastiki angavu ambayo mwali wa leza hupita ndani yake. Tabaka linalobeba data, pamoja na tabaka la chuma linaloakisi mwanga, halipo upande wa chini unaong'aa, kama wengi wanavyodhani, bali lipo juu kabisa, chini ya utando mwembamba wa vanishi na maandishi ya lebo. Kwa hiyo mkwaruzo upande wa chini wa CD mara nyingi hung'arishwa na diski ikapona, lakini mkwaruzo wa ncha kali upande wa lebo huondoa data yenyewe, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. DVD imejengwa kwa namna tofauti, kwa kuwa ina vipande viwili vya plastiki vyenye milimita 0.6 kila kimoja vilivyogandishwa pamoja, na data hukaa katikati.

Kutokana na muundo huo, kalamu yenye ncha ngumu ni hatari kwa CD, na wino wa kalamu wenye kemikali kali unaweza kupenya vanishi. Stika ya karatasi ina tatizo jingine. Ikibandikwa hata kidogo nje ya katikati, huipa diski uzito usiolingana, na kwa kuwa diski huzunguka kwa kasi kubwa, DVD huanza kutetemeka na picha hukwama. Gundi nayo hulegea kwa joto la deki, stika ikajikunja ukingoni, na diski ikanasa ndani ya kifaa. Fundi wa deki anayefungua mashine iliyonasa diski aghalabu hukuta kipande cha karatasi kilichobanduka. Kuchapa moja kwa moja huondoa matatizo haya yote, maana wino hauongezi uzito wa kuhesabika wala hauna ukingo wa kubanduka.

Kwa ufupi: upande wa lebo wa CD unastahili uangalifu kuliko upande unaong'aa, na stika ni adui wa DVD na wa deki pia.

Mashine inayoiweza kazi hiyo

Printa za nyumbani na ofisini ziko za aina mbili kuu. Printa ya leza hutumia unga wa wino unaoyeyushwa juu ya karatasi kwa rola yenye joto kali, na kwa sababu hiyo haiwezi kamwe kupewa diski ya plastiki, hata kama muuzaji atasema vinginevyo. Printa ya wino wa maji hurusha matone madogo sana kutoka kwenye kichwa cha wino, ambacho mafundi hukiita hedi, bila kugusa kinachochapwa na bila joto la kuyeyusha chochote. Ni aina hii ya pili pekee inayofaa.

Hata hivyo, si kila printa ya wino inafaa. Karatasi hupinda na kuzunguka rola, ilhali diski haipindi, kwa hiyo mashine inayochapa diski lazima iwe na njia iliyonyooka inayoiruhusu kuingia na kutoka ikiwa imelala. Diski hukalishwa kwenye trei, yaani kibao chembamba cha plastiki chenye shimo la mviringo linaloishika kwa kitovu chake, na trei hiyo ina alama ambazo jicho la printa huzisoma ili kujua katikati ya diski ni wapi. Trei iliyokatwa kienyeji kutoka kwenye kadibodi haina alama hizo, na jaribio la kuiingiza linaweza kuharibu hedi, ambayo ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote.

Kampuni iliyoshikilia kazi hii kwa muda mrefu kuliko nyingine katika soko la nyumbani ni Epson. Katika miaka ya 2000 printa zake za familia ya Stylus Photo, zikiwemo R200, R300, R220, R230 na baadaye T50 na P50, zilikuja na trei ya diski na programu ya kupangia lebo. Baada ya hizo ilikuja L800, ambayo ilibadilisha hesabu ya gharama, kwa kuwa badala ya katriji ndogo inatumia matangi ya wino yanayojazwa kwa chupa za mililita 70. L805 iliifuata ikiwa na uwezo wa kupokea kazi bila waya, na L850 ikaongeza skana. Zote hizo hutumia wino wa rangi sita: nyeusi, njano, samawati, majenta, samawati hafifu na majenta hafifu, na rangi hizo mbili hafifu ndizo zinazoifanya ngozi ya mtu katika picha isionekane na vidoadoa. Miongoni mwa zilizokuja baadaye, L8050 na L8160 nazo huchapa diski, na L8050 huchapa pia kadi ngumu za plastiki za vitambulisho, jambo lenye uzito mkubwa katika mahali kama Kabanga penye chuo cha ualimu na hospitali ya misheni.

Canon pia imetengeneza printa za diski katika familia ya Pixma, lakini hapa mnunuzi awe macho, kwa sababu kwa miaka kadhaa modeli zilizouzwa Marekani zilinyimwa uwezo huo ingawa modeli hizohizo zilipouzwa Ulaya na Asia zilikuwa nao. Printa iliyoletwa kutoka Marekani kwa mkono wa ndugu inaweza kufanana kabisa na ile ya Ulaya na bado isipokee diski.

Kwa upande wa pili, printa za matangi zinazoonekana kwa wingi katika maduka ya steshenari, kama Epson L3110, L3150 na L3250 au Canon G2010 na G3010, hazichapi diski hata kidogo. Ni mashine nzuri kwa barua, mitihani na picha za kawaida, na mwalimu anayezihitaji kwa kazi hizo asizidharau, ila hakuna programu wala fundi atakayezifanya zipokee trei.

Printa iliyotumika

Kwa kuwa diski zinapungua duniani, mashine nyingi za kazi hii zinapatikana zikiwa zimetumika, na mzigo mwingi hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kasulu, umbali unaofanya kurudisha kifaa kibovu kuwa gharama nyingine kamili. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya kifaa kupakiwa kwenye basi, na mambo ya kukaguliwa ni haya:

1. Trei ya diski iwepo, na iwe ya modeli ileile. Trei ya modeli moja mara nyingi haiingii kwenye nyingine, na printa isiyo na trei ihesabiwe kuwa ya picha tu.
2. Volti zilizoandikwa nyuma ya mashine zikubaliane na umeme wa Tanzania wa volti 230. Printa ya Japani iliyotengenezwa kwa volti 100, au ya Marekani kwa volti 120, huungua mara moja ikichomekwa ukutani bila transfoma.
3. Ukurasa wa kupima vitundu vya hedi uchapwe mbele ya mnunuzi au apelekewe picha yake siku hiyohiyo, na mistari ya rangi zote sita iwe kamili bila mapengo.
4. Hali ya sponji ya wino mchafu iulizwe. Printa inaposafisha hedi humwaga wino kwenye sponji iliyo ndani, na kihesabu chake kikifika kikomo mashine hugoma mpaka sponji ibadilishwe na kihesabu kirudishwe nyuma.

Jambo la kwanza katika orodha hii ndilo linalosahauliwa zaidi, maana trei huwekwa kando siku ya kwanza na haikumbukwi siku ya kuuza.

Diski inayokubali wino

Printa sahihi ikiwekewa diski ya kawaida yenye uso wa fedha na nembo ya kampuni, wino hautashika, bali utasimama kama matone na kufutika kwa kidole. Diski inayofaa ina uso mweupe, na mara chache wa fedha, uliopakwa utando maalumu unaofyonza wino. Boksi lake huandikwa neno "Printable", na mnunuzi anayepewa diski zisizo na boksi anaweza kuweka kidole chenye unyevu kidogo kwenye ukingo wa ndani wa diski moja, kwani utando huo hunata kidogo, ilhali vanishi ya kawaida huteleza.

Katika diski hizo zimo zenye eneo dogo la kuchapa, linaloanzia nje ya kitovu cha plastiki, zaidi ya milimita 40 kwa kipenyo, na zimo zinazochapika hadi karibu na tundu la kati, kuanzia takriban milimita 22 hadi 118. Aina ya pili huonekana nadhifu zaidi, lakini vipimo vyake lazima viingizwe katika programu ya lebo, la sivyo printa itaacha duara jeupe katikati. Kosa la kinyume ni baya zaidi, kwa kuwa programu ikiamini kwamba diski ina eneo kubwa kuliko lililopo, wino humwagika juu ya plastiki tupu na trei, kisha huchafua diski inayofuata.

Diski zenye uso wa kung'aa, ambazo baadhi yake huvumilia maji, ni ghali na ni adimu. Kwa mauzo ya kwaya diski ya uso mweupe usiong'aa inatosha.

Wino, mvua na kukauka

Wino unaotumika katika printa nyingi zilizotajwa ni wa rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji, tofauti na wino wa chembechembe, ambao rangi yake huelea ikiwa vipande vidogo mno. Wino wa rangi iliyoyeyuka hutoa picha angavu, lakini ukiwa juu ya diski ya uso usiong'aa huharibiwa na jasho la vidole na tone la maji. Katika nyanda za Kasulu na Kibondo, ambako mvua huanza karibu na Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hewa yenye unyevu hurefusha muda wa kukauka. Diski zilizotoka kwenye printa zitandazwe moja moja zikitazama juu, zikae saa 24 kabla ya kuingizwa kwenye kava au deki, na zisianikwe juani, kwa sababu jua hufifisha picha na hudhuru pia tabaka la data la diski za kuchoma.

Mpangaji wa lebo anaweza kusaidia sana hapa. Lebo yenye usuli mweusi au wa buluu nzito hunywa wino mwingi, huchelewa kukauka na huonyesha kila alama ya kidole, ilhali lebo yenye usuli mweupe, picha moja safi na maandishi yanayosomeka hutumia wino kidogo na hudumu. Picha ya kwaya nzima ipangwe kwa kukumbuka kwamba katikati pana tundu, na mtu aliyesimama mstari wa kati asipotelee humo.

Umeme

Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilipata umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO, na ingawa gridi ya Taifa sasa imefika katika nyanda hizo, mnunuzi wa printa bado anapaswa kujiandaa kwa umeme unaokatika ghafla. Printa ya wino ina faida kubwa hapa, kwa kuwa inapochapa hutumia wati zisizofika 30, wakati printa ya leza hudai wati mia kadhaa inapopasha rola, na kwa hiyo mfumo mdogo wa sola wenye inveta unaweza kuiendesha pamoja na kompyuta mpakato.

Hatari ya umeme kukatika si diski moja kuharibika tu. Printa inapozimwa kwa swichi yake, hedi hurudi pembeni na kukaa juu ya kizibo cha mpira kinachozuia vitundu kukauka, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi hubaki wazi mahali ilipofikia. Ikiachwa hivyo siku kadhaa, wino hukaukia ndani. Kwa sababu hiyo UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani unapokatika, inastahili kununuliwa siku moja na printa, printa izimwe kwa kitufe chake kabla ya kuzima soketi ya ukutani, na angalau ukurasa mmoja wa rangi zote uchapwe kila wiki.

Mpangilio wa kazi

Data ichomwe kwanza, ijaribiwe kwenye deki, na ndipo lebo ichapwe. Mpangilio huu una sababu mbili: alama za vidole zinazopatikana wakati wa kuchapa zinaweza kuvuruga uchomaji, na diski iliyoshindwa kuchomwa haitakuwa imekula wino bure. Trei iingizwe tu pale printa inapoidai, kamwe si wakati mashine inawaka na kujipanga, maana hedi huwa inatembea na itagongana nayo. Diski ya kwanza iwe ya majaribio, kwa sababu duara huweza kuhama milimita moja au mbili, na programu ina sehemu ya kulisahihisha.

Haki ya kuchapa na kuuza

Lebo nzuri haihalalishi nakala isiyo halali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, humlinda mtunzi wa wimbo na mwenye filamu, na tangu 2013 bidhaa za muziki na filamu zinazouzwa zimewekewa utaratibu wa stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kwaya inayorekodi nyimbo zake yenyewe na kutaka kuuza DVD ianze kwa kuuliza ofisi hizo, na mwenye printa akatae kazi ya kuchapa lebo za filamu za watu, hata kama malipo yake ni ya haraka. Wasanii wa Tanzania wamepoteza kipato kikubwa kwa nakala za wizi, na printa ya nyumbani isiwe chombo cha kuendeleza hasara hiyo.

Nani anunue

Gharama halisi ya diski moja ni jumla ya diski tupu yenye uso mweupe, wino, kava, na sehemu ya diski zilizoharibika, na juu yake huwekwa bei ya printa ikigawanywa kwa idadi ya kazi zote itakazofanya katika maisha yake. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachoamua. Studio ya picha ya Kasulu inayotoa picha za pasipoti kila siku, au kikundi cha Kabanga kinachoweza kupata kazi ya vitambulisho vya shule na vyuo, kitarudisha fedha ya printa ya rangi sita hata kama diski ni chache, na kwao L805 iliyokaguliwa au L8050 mpya ni chaguo la busara. Kwaya inayotoa albamu moja kwa mwaka na isiyo na kazi nyingine ya picha isinunue printa, bali inunue diski nyeupe zilizo bora, iandae lebo yake vizuri, na ilipe studio yenye mashine hiyo ifanye uchapaji.